Ngamia wa Kwenye Picha Si Barwaqo

Hodan, Mwende, na nyinyi wengine mtakaopitishiwa hili daftari chini ya dawati,

Kwanza kabisa, ile picha ifuteni.

Nasema ile niliyowatumia kutoka Eldas, nimekumbatia shingo ya ngamia, macho yamevimba kwa kulia, na chini nimeandika "Hatimaye". Mliijaza mioyo myekundu. Hodan ukaiweka mpaka kwa status yako. Ifuteni, wallahi. Mmeniuliza mara nyingi safari ilikuwaje, na kila mara nimejibu "poa". Haikuwa poa. Lakini mnanijua, mimi kuongea siwezi. Mwalimu akinitaja jina tu naangalia viatu. Kuandika ndiko ninakoweza. Kwa hiyo someni, na mkimaliza msije na "pole Nasra" mbele ya darasa zima, mtaniua. Nimeandika kwa Kiswahili ili Mwende asihitaji mkalimani.

Ile orodha yangu mnaijua, mambo saba ya kufanya kabla sijatimiza miaka kumi na nane. La kwanza lilikuwa kuhifadhi juzuu ya mwisho, na nilimaliza Ramadhani. La pili, kuogelea Tana, lilikuwa wazo la Hodan ambaye hajawahi kufuatwa na mamba, nikalifuta. La tatu, kusafiri mbali bila mtu wa kuniangalia. La nne, kula hotelini peke yangu. La tano, kumkama Barwaqo kwa mikono yangu. La sita, kumwambia mtu mzima "hapana" usoni, si kwenye daftari. La saba siwaambii.

Mwende, ulipocheka niliposema nina ngamia, ulidhani natania. Kwetu Wasomali mtoto akizaliwa, baba anaweza kumchagulia mnyama jike. Kile kipande cha kitovu kikikauka na kuanguka, kinafungwa mkiani mwa yule mnyama. Tangu hapo mnyama ni wa mtoto, na wote atakaowazaa ni wa mtoto. Mara nyingi anayepewa ngamia ni mvulana. Msichana akibahatika anapata mbuzi. Baba yangu alinipa mimi ngamia, ndama aliyezaliwa wiki moja nami, akamwita Barwaqo, yaani neema. Watu walimcheka. Yeye aliwaambia ngamia ni wake na mtoto ni wake.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mifugo ikabaki Eldas kwa mdogo wake, Adeer Yusuf. Tangu wakati huo, kila Ijumaa baada ya sala, adeer hupiga simu, anaongea na mama, halafu anasema nipewe. Siku zote maneno yake ni yaleyale: "Nasra, Barwaqo anakusalimu." Mwaka mmoja aliniambia amezaa jike. Kisha jike mwingine, na mwingine tena. Mimi nilikuwa nimemwona Barwaqo mara moja tu, nikiwa mdogo sana, na ninachokumbuka ni miguu. Lakini kila Ijumaa nilirudisha salamu kama mtu anayemsalimia dada yake.

Sasa twende.

Garissa: namba tatu inakufa stendi

"Peke yako?" mama alisema. "Wewe ambaye huwezi kumwambia konda unataka kushuka? Siku ile ulipitishwa kwetu ukashukia darajani!"

Ni kweli nilipitishwa. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa maana ya namba tatu. Mama hakutaka kusikia. Akanipa Eedo Batula, dada mkubwa wa baba, ambaye eti alikuwa na shughuli zake Eldas wiki hiyohiyo. Eedo alifika stendi na thamosi mbili, godoro lililokunjwa na mfuko wa nyirinyiri uliokuwa ukinukia nyama mpaka kwa dereva. Alinishika mkono kuvuka barabara. Nina urefu wa mlango, na nilivushwa barabara kama mtoto wa chekechea, mbele ya wavulana wa kidato cha nne waliokuwa wakinunua maji.

Basi lilichelewa saa moja na nusu kwa sababu ya friji ya mtu. Walipandisha friji juu, wakaishusha, wakaipandisha tena ikiwa imelala. Mwenye friji akapiga kelele kwamba friji hailazwi. Eedo akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Basi kaa nayo huku, mkishapoa mtafuata!" Watu wakacheka. Mimi nilifungua daftari nikapiga mstari juu ya namba tatu, kalamu ikatoboa karatasi.

Kwenye kizuizi cha polisi barabarani tulishushwa wote tupange foleni na vitambulisho. Mimi nilitoa kadi ya shule.

"Hii ni nini?" askari akaniuliza.

Nikajibu, lakini sauti haikutoka.

"Wewe ni mtu mzima. Mwili wote huu, halafu unaniletea kadi ya shule?"

Foleni nzima ikageuka kuangalia mwili wote huu. Nilitamani ardhi inimeze. Eedo akaja mbio, Kiswahili chake kikiwa mbele yake: "Huyu ni mtoto! Mtoto ndogo kabisa! Sisi nabeleka yeye kwa baba mdogo yake!"

"Mtoto gani huyu, mama? Ananizidi urefu."

"Ni chakula nzuri tu! Nyumbani bado nalala na mama yake!"

Hilo si kweli. Andikeni popote kwamba hilo si kweli. Askari alicheka, akanirudishia kadi. Nilirudi kwenye kiti nikiwa na hasira na wawili hao kwa kiasi sawa. Kwa mmoja nilikuwa mtu mzima, kwa mwingine mtoto ndogo kabisa, na hakuna aliyengoja nijibu.

Modogashe: sahani ya mtu asiyekuwepo

Namba nne niliipania. Basi liliposimama kwa chakula, Eedo alienda kuswali kwanza, nami nikaingia hotelini peke yangu, upande wa pazia ambako wanawake hukaa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi yangu tangu asubuhi: wali, nyama ya mbuzi, ndizi moja.

Mhudumu akasikiliza, akaenda, akarudi na sahani mbili.

"Moja," nikasema.

"Ndiyo, moja yako. Na hii ya mwenzako."

"Sina mwenzako. Mwenzangu."

"Anaswali? Itapoa, nimfunikie?"

Akaifunika. Akaleta vijiko viwili, ndizi mbili, vikombe viwili vya chai. Kila alipopita aliitazama ile sahani iliyofunikwa kwa huruma, kisha akanitazama mimi kwa huruma zaidi. Wanawake wa meza ya pili wakaanza kunong'ona kwamba maskini ameachwa. Mmoja akaniletea sambusa. Nilikula haraka, nikiwa na mgeni hewa mbele yangu. Halafu Eedo akaingia, akafunua ile sahani, akasema, "Mashallah, umenikumbuka!" Akaimaliza yote.

Namba nne niliandika "nusu".

Mvua ya nje ya Habaswein

Hatukufika mbali. Mvua ilikuwa imenyesha mahali ambapo sisi hatukuona hata wingu, na ile lagga, yaani mto wa mchanga ambao siku nyingine unauvuka bila kujua umeuvuka, ilikuwa imejaa maji ya rangi ya chai. Dereva alizima injini. Wanaume walikunja suruali, wakaingia na fimbo kupima kina, kila mmoja akatoka na kipimo chake. Tulikaa kando ya barabara tangu saa nane mchana mpaka karibu magharibi, maji yalipopungua. Mwenye friji ndiye aliyekuwa na amani kuliko wote, maana angalau mzigo wake ulikuwa haujatikiswa.

Eedo alifungua nyirinyiri akawagawia hata watu asiowajua. Ni nyama iliyokatwa vidogovidogo ikakaangwa na kulala ndani ya mafuta, Mwende, na ukiila juani unakunywa maji mpaka yaishe. Akajua habari za kila mtu: nani anaenda msibani, nani anafuata mume, nani anamkimbia. Mimi nilikaa kivulini mwa basi. Alipokuja kukaa nami, nilimuuliza jambo ambalo lilikuwa likinizunguka kichwani njia nzima.

"Eedo, unadhani Barwaqo atanijua?"

Alitafuna muda mrefu.

"Ngamia ni ngamia, Nasra. Ukimwona mmoja umewaona wote."

Nilishangaa. Huyu ni mwanamke ambaye akisikia mbuzi analia nyumba ya tatu anakuambia ni yupi na mama yake alikuwa nani. Nilidhani amechoka na jua. Sasa kila nikikumbuka jinsi alivyotafuna ile nyama, naiweka kalamu chini kwanza.

Wajir: kengele

Wajir tulilala kwa rafiki ya Eedo. Asubuhi, kabla ya gari la Eldas, nilitoroka dakika ishirini kwenda sokoni. Nilitaka zawadi. Kulikuwa na mzee anayeuza vitu vya wafugaji, kamba, vyombo vya maziwa vya kusuka, na kengele za ngamia, zile za mbao zenye sauti nzito kama mtu anayebisha mlango.

"Ya ngamia wa nani?" akaniuliza.

"Wangu."

"Wa mume wako?"

"Wangu."

"Aah, wa baba yako."

"Wangu," nikasema mara ya tatu, na safari hii hata mimi niliisikia sauti yangu. Mzee akanyanyua nyusi, akanichagulia kengele kubwa zaidi. Niliibeba mapajani njia yote, na kila tulipoingia shimo ilibisha. Gari lilikuwa pikapu iliyojaa magunia ya sukari. Lilipasuka gurudumu mara mbili, na mara ya pili dereva alijilaza chini ya gari akalala kabisa, akituambia chuma lazima kipoe. Sikujali. Ile ndiyo sehemu pekee ya safari ambayo nilikuwa na furaha, na naiandika hapa ili mjue kwamba ilikuwepo.

Eldas: picha

Adeer Yusuf alitupokea vizuri. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Angekuwa mkali ningejua pa kushika. Alichinja mbuzi. Alinishika kichwa akaniombea dua, akasema nina macho ya kaka yake. Mke wake wa kwanza anaishi Wajir mjini. Huyu wa Eldas, Sadia, alimwoa miaka miwili iliyopita, na ana umri wa dada zenu wakubwa. Alituletea chai ya maziwa ya ngamia, mtoto mgongoni, akarudi jikoni.

Alasiri ngamia walirudi. Vumbi, harufu, ile milio yao kama milango mibovu. Adeer akasimama, akanyoosha fimbo.

"Huyo hapo. Barwaqo wako."

Jike mrefu, manyoya ya rangi ya mchanga, kope kama za bibi harusi. Nililia, ndiyo. Mnajua mimi silii. Nilimshika shingo nikamwambia kwa Kisomali maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikamfunga kengele. Adeer akachukua simu yangu, akarudi nyuma hatua tatu. "Tabasamu, Nasra." Aliyepiga ile picha ni yeye. Kwa mkono wake.

Nikamwomba nimkame. Ilinichukua dakika kumi kupata ujasiri.

"Kesho tutaona," akasema. "Lakini wanawake hawakami ngamia."

"Mimi bado mtoto."

"Mtoto?" Alicheka kwa upole. "Wewe sasa ni mwanamke mzima."

Niligeuka kumtafuta Eedo aseme maneno yake ya kizuizini, mtoto ndogo kabisa. Eedo alikuwa amezama ndani ya thamosi, anaangalia kama chai imebaki.

Anjera za Sadia

Asubuhi nilienda kukaa jikoni, maana kwa watu nisiowajua afadhali nikae palipo na kazi. Sadia alikuwa akimwaga unga wa anjera, ile mikate yetu laini, kwenye kikaango, moja, ya pili, ya tatu, na mimi nikizipanga. Hakuniuliza maswali, nikampenda kwa hilo. Akaliona daftari langu.

"Unaandika nini kila saa?"

Nikamwonyesha orodha. Sijui kwa nini. Nyinyi mlinisumbua muhula mzima ndipo mkaiona. Aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno.

"Kabla ya kumi na nane," akasema. "Mimi nilitimiza kumi na nane wiki ya harusi yangu. Hakuna aliyekumbuka. Hata mimi nilikumbuka baadaye, nikiwa naosha vyombo."

Nikamwonyesha ile picha. Sadia akaitazama, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Amekuambia huyu ni Barwaqo?"

"Ndiyo."

"Huyu amezaa mara moja tu maishani mwake, mwaka jana, mimi nikiwa hapahapa. Barwaqo ni mkubwa. Ana sikio la kushoto limepasuka ncha." Aligeuza anjera ambayo ilikuwa tayari imeungua. "Barwaqo yuko kwa baba yangu. Yeye na majike wake watatu."

"Kwa nini yuko kwa baba yako?"

Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake afike mwenyewe. Nami nikafika. Mwende, kwetu mwanamume akioa anapeleka ngamia kwa wazazi wa msichana.

"Mimi nililetwa huku," Sadia akasema, "na yeye akapelekwa kule. Asubuhi moja. Tulipishana njiani, wallahi. Niliwaona kwenye dirisha la gari."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu, nikiwa nimeshika sahani ya anjera. Lakini nimchukie vipi? Ijumaa zote zile. Miaka miwili ya salamu kutoka kwa ngamia aliyekuwa amefungwa kwenye boma la mtu mwingine, na mimi huku Garissa nikijibu "na yeye pia umsalimie".

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

Sadia akaangalia mlangoni, ambako Eedo Batula alikuwa akikunja godoro lake kwa makini sana.

Kibaraza cha duka

Adeer hunywa chai saa nne kwenye kibaraza cha duka, na wanaume wengine sita au saba. Nilitembea kutoka nyumbani mpaka pale na daftari kifuani. Nilisimama mbele yao, wakanyamaza, wakangoja, na sauti ikagoma kama kawaida yake.

Basi nikafungua daftari. Kuongea siwezi, lakini kusoma naweza.

"Namba tano," nikasoma. "Kabla sijatimiza miaka kumi na nane, nimkame Barwaqo, ngamia niliyefungiwa kitovu na marehemu baba yangu." Nikafunua ukurasa niliouandika jikoni dakika chache kabla. "Leo nimejua Barwaqo na majike wake watatu walitolewa mahari. Hakuna aliyeniuliza. Nimeonyeshwa ngamia mwingine na kuambiwa ndiye. Mimi baba yangu amekufa. Hii ni mali ya yatima."

Neno hilo likaanguka pale katikati ya vikombe. Mwenzake mmoja wa adeer akaweka chai chini bila kumaliza funda.

Adeer hakupandisha sauti. "Yatima ni mtoto," akasema. "Wewe si mtoto tena, Nasra. Umekua."

"Jana ulisema nimekua ndiyo maana siwezi kukama. Leo nimekua ndiyo maana si yatima." Hilo halikuwa kwenye daftari. Sijui lilitoka wapi.

Mtu mmoja akakohoa, nadhani alikuwa anacheka.

"Ngamia wa jana mchukue," adeer akasema. "Ni kijana, ana miaka mingi mbele yake, ni bora kuliko yule. Mwite Barwaqo. Jina ni jina tu."

"Hapana."

Nilisema mara moja, si kwa kelele. Ilitosha. Namba sita ikatimia pale pale, na sikuhisi furaha hata kidogo.

"Yusuf," yule aliyeweka chai chini akasema, "mambo haya yazungumzwe nyumbani."

"Nyumbani nimeambiwa uongo," nikasema, nikaondoka kabla ya machozi. Nilipita bomani, nikamfungua yule ngamia mgeni kengele yangu. Hakuwa na kosa lolote, nilimpapasa. Adeer hakusema nami siku hiyo wala iliyofuata. Eedo ndiye aliyesema. Alisema nimemvua adeer nguo hadharani, kwamba ulikuwa mwaka wa ukame, kwamba wengine wote walikuwa wamekonda na ni hao wanne tu waliokuwa na mwili wa kutolewa. Nikamuuliza kwa nini basi adeer hakuniambia hivyo kwa simu. Ni dakika moja tu. Akanipa nyirinyiri. Sikula.

Kwa Mzee Gedi

Siku ya tatu Sadia alimwambia mumewe kwamba anaenda kumsalimu mama yake. Akaita bodaboda. Tulipanda dereva, mimi, Sadia, mtoto katikati na kengele begani mwangu, karibu saa nzima kwenye njia ya mchanga ambapo tulishuka kusukuma zaidi ya tulivyopanda.

"Nikisema mbele ya baba yako, itakuwaje kwako?" nilimuuliza tukisukuma.

"Nikah imefungwa. Haifunguki kwa ajili ya ngamia." Alivuta pumzi. "Sema. Mimi sikupewa nafasi ya kusema."

Hapakuwa na haja. Huku habari zinatembea kwa simu haraka kuliko kwa pikipiki. Mzee Gedi, baba yake Sadia, alikuwa amesimama nje anatungoja.

"Wewe ndiye uliyesoma daftari mbele ya wanaume?"

Nikaangalia viatu. Nikasema ndiyo.

"Nilimuuliza adeer yako mara mbili. Hawa ni wako? Akasema haa, ndiyo, ni wangu. Mara mbili!" Alikuwa na hasira kuliko mimi, na kwa mara ya kwanza safari nzima nilijisikia nina mwenzangu. "Sasa watu watasema Gedi amekunywa maziwa ya yatima miaka miwili. Leo simrudishi, nisikudanganye. Hili si jambo la wasichana wawili na bodaboda, watakaa wanaume na litazungumzwa. Lakini njoo."

Barwaqo alikuwa nyuma ya boma. Mzee kuliko nilivyodhani, magoti yana sugu nyeusi, sikio la kushoto limepasuka ncha. Hakuwa mrembo kama yule wa picha. Sikulia. Nilisimama tu.

"Wanawake hawakami," nikamwambia Mzee Gedi, ili aniambie yeye mwenyewe.

"Wanaume wakiwepo," akajibu. "Mama yangu alikama vizuri sana, sisi tukiwa hatupo." Akageuza uso kuangalia upande mwingine. "Mimi sipo."

Ndama akaletwa anyonye kwanza, kama inavyofanywa, kisha akaondolewa. Sadia alinishikia chombo. Nilivuta. Hakuna. Nikavuta tena. Barwaqo aligeuza shingo yake yote ndefu, akanitazama, akanusa kichwa changu, akatazama mbele. Hakunijua. Angenijuaje? Mimi ndiye niliyempenda kwa simu. Ngamia hashushii maziwa mtu asiyemjua, na mimi kwake nilikuwa mgeni mwenye mikono baridi. Nilipata povu la kufunika kitako cha chombo tu. Sadia akasema nilinywe. Lilikuwa la moto na chumvichumvi, na nilikasirika upya, tangu mwanzo, kwa kila mwaka ambao ningekuwa nimejifunza.

Nikamfunga kengele. Mzee Gedi aliiacha. Tulipoondoka niliisikia ikibisha mpaka tulipopita kilima.

Garissa tena

Kurudi hakuna la kusimulia. Lagga ilikuwa imekauka kama haijawahi kuwa na maji. Eedo hakunishika mkono kuvuka barabara, na kizuizini hakusema mimi ni mtoto wala mtu mzima. Alikaa kimya, jambo ambalo hata dereva alilitambua, akamuuliza kama anaumwa.

Mama alikuwa ameshasikia yote. Alisema nimewaaibisha. Alisema adeer ndiye aliyetutunza baba alipokufa, na ni kweli alitutunza. Alisema labda sikuelewa, labda adeer alisema "ngamia wa ukoo wa Barwaqo", labda ni jua. "Adeer yako hawezi kudanganya," alisema. Wiki nzima alisema hivyo, akipepeta mchele, akikunja nguo. Hilo, la mama kutoniamini, ndilo lililokuwa limebaki. Kuhusu ngamia, wazee wamekaa mara moja na watakaa tena, na mimi siitwi. Lakini nilitaka mtu mmoja nyumbani mwangu ajue kwamba sikuota.

Ijumaa iliyopita simu ikalia baada ya sala. Mama akaongea, habari za mvua, habari za mbuzi. Kisha akaninyooshea simu bila kunitazama.

Nadhani adeer hakupanga kusema. Nadhani ulimi ulienda wenyewe, baada ya miaka yote ile.

"Nasra. Barwaqo anakusalimu."

"Yupi, adeer?"

Nilimsikia akipumua. Mbuzi analia nyuma yake. Mtoto wa Sadia pia. Alikuwa na nafasi ya kukata, mtandao wa kule hukatika wenyewe na hakuna ambaye angemlaumu. Hakukata.

"Yule niliyemtoa," akasema.

Mama alikuwa dirishani, ananipa mgongo, anakunja shela. Nilibonyeza spika, nikaiweka simu mezani katikati yetu.

"Rudia, adeer," nikasema. "Mama hakusikia."